Mzazi Anayetaka Kuhamia Fani ya Uuguzi: Namna ya Kuupima Uamuzi Kabla ya Kuomba Nafasi

Mzazi anayewaza kuacha kazi aliyonayo ili asomee uuguzi huulizwa na jamaa zake kama ana moyo wa kuuguza, kama haogopi damu, na kama umri bado unamruhusu kurudi darasani. Maswali hayo yana uzito wake, lakini mtu mwenye moyo na akili ya kutosha bado anaweza kukwamishwa na jambo ambalo hakuna aliyemuuliza, nalo ni ratiba ya mafunzo ya wodini, ambayo haifuati saa ya mtoto kutoka shule. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kazi yenyewe na saa zake, kisha fedha, na maombi ya chuo yanakuja mwishoni, ingawa wengi huanza na hayo maombi.

Hatua ya kwanza: Ione kazi kwa macho yako

Zamu ya muuguzi wa wodi huanza kwa makabidhiano, ambapo anayetoka humweleza anayeingia hali ya kila mgonjwa, kitanda kwa kitanda. Baada ya hapo hupima joto, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu. Hugawa dawa akihakiki kila mara kwamba ni mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Humwogesha asiyeweza kuamka, humgeuza ubavu kwa ubavu ili asipate vidonda vya kulala muda mrefu, humsaidia haja akiwa kitandani, na katikati ya hayo yote hujibu maswali ya ndugu waliochoka kusubiri. Kila alichofanya hukiandika, kwa kuwa kanuni ya wodini ni kwamba kisichoandikwa hakikufanyika.

Kama hujawahi kuyaona haya isipokuwa ukiwa mgonjwa au umekuja kutazama mgonjwa, tafuta nafasi ya kuyaona kutoka upande wa pili. Hospitali na nyumba za kutunzia wazee katika nchi nyingi hupokea watu wa kujitolea, na nyingine huajiri wasaidizi wa wauguzi baada ya mafunzo mafupi. Wiki chache za kazi hiyo zitakueleza mengi kuliko maelezo ya chuo chochote, hasa zikijumuisha usiku mmoja au miwili.

Zungumza pia na wauguzi wenye watoto wa umri wa watoto wako, na uwaulize maswali yanayodai jibu mahususi. Ukiuliza kama wanaipenda kazi, utapata jibu la adabu. Ukiuliza ni nani aliyemchukua mtoto siku zamu ilipochelewa kuisha, ratiba ya zamu hutolewa siku ngapi kabla, na ruhusa huombwa kwa nani pale shule inapopiga simu kwamba mtoto ana homa, utapata picha ya maisha utakayoishi.

Kuna hoja moja inayorudiwa sana, kwamba mzazi tayari ni nusu muuguzi kwa sababu amekesha na watoto wagonjwa. Binafsi naiona kuwa kweli kwa sehemu tu. Uvumilivu na uzoefu wa kumtuliza mtu mwenye maumivu vitakusaidia, lakini nyumbani mzazi huamua kwa kukisia na kwa kumjua mwanawe, ilhali wodini unafuata maelekezo yaliyoandikwa, unasaini, na unawajibika kisheria kwa mtu usiyemfahamu.

Hatua ya pili: Hesabu saa kabla ya kuhesabu fedha

Mafunzo ya uuguzi yana sehemu mbili, nadharia na vitendo, na sehemu ya vitendo haina njia ya mkato. Chukua mfano wa Umoja wa Ulaya, ambao kanuni zake zinataka muuguzi wa jumla asome angalau miaka 3 na atimize saa 4,600 za masomo, zikiwamo za vitendo ambazo hazipungui nusu. Nusu ya saa hizo ni 2,300; ukizigawa kwa wiki ya saa 40, unapata zaidi ya wiki 57. Maana yake ni kwamba ndani ya kozi hiyo ya miaka 3 kuna zaidi ya mwaka mzima wa kazi ya kutwa, ambayo mara nyingi hailipwi, kwa zamu unazopangiwa na mtu mwingine, na wakati mwingine katika kituo kilicho mbali na nyumbani. Nchi hutofautiana katika idadi ya saa, lakini mantiki ni ileile: saa za vitendo huhesabiwa, hutiwa saini na msimamizi, na usipozitimiza huwezi kusajiliwa hata kama umefaulu mitihani yote.

Hii ndiyo sababu tangazo la kozi inayosomwa kwa intaneti lisikupe matumaini kupita kiasi. Mihadhara inaweza kusikilizwa usiku watoto wakiwa wamelala, lakini kumwekea mgonjwa mpira wa mkojo au kumbadilishia bandeji hujifunzwi kwenye kompyuta.

Kiulize kila chuo unachokifikiria maswali haya, na uandike majibu. Mafunzo ya wodini huanza mwezi wa ngapi wa kozi? Yanakuja kwa mfululizo wa wiki kadhaa au kwa siku chache kila wiki? Zamu ni za saa 8 au 12? Mwanafunzi hupangiwa usiku na mwisho wa wiki? Anaweza kueleza mahitaji ya malezi kabla ya kupangiwa kituo, na je, mahitaji hayo huzingatiwa kweli? Chuo kisichoweza kujibu maswali haya kwa uwazi kitakusumbua baadaye, nami ningekitilia shaka hata kama ada yake ni nafuu.

Hatua ya tatu: Weka majina ya watu kwenye ratiba

Chukua karatasi, chora wiki mbili, kila siku ukiigawa katika asubuhi, mchana na usiku. Jaza zamu za kubuni zinazofanana na zile ulizoelezwa na chuo: kwa mfano zamu tatu za mchana za saa 12 katika wiki ya kwanza, na tatu za usiku katika wiki ya pili, mojawapo ikiangukia Jumapili. Kisha katika kila kisanduku andika jina la mtu atakayekuwa na watoto. Usiandike "familia" wala "tutaona". Andika jina, na hakikisha mwenye jina anajua kwamba ameandikwa.

Zamu ya mchana inayoanza saa 1 asubuhi humtoa mzazi nyumbani kabla watoto hawajaamka, na inapoisha saa 1 usiku, ukiongeza makabidhiano na safari, unaingia ndani kwenye saa 2 au baada ya hapo, mtoto mdogo akiwa amekwisha kulala. Siku kama hiyo inahitaji mtu wa kuwaandaa asubuhi, mtu wa kuwapokea mchana na mtu wa kuwalaza. Inaweza kuwa ni mtu mmoja, lakini majukumu ni matatu na kila moja lina saa yake.

Zamu ya usiku ndiyo inayowashangaza wengi. Watu hukumbuka kumtafuta mtu wa kulala na watoto, wakasahau kwamba mzazi aliyekesha atarudi saa 2 asubuhi akihitaji kulala hadi alasiri, wakati mtoto wa miaka miwili ndiyo kwanza ameamka na anataka kucheza. Kwa hiyo usiku mmoja wa kazi unahitaji malezi ya usiku na ya mchana unaofuata. Kama watoto wote wanasoma, shule itachukua sehemu ya mchana huo. Kama kuna asiyeanza shule, kisanduku hicho kisibaki kitupu, kwa sababu kulala huku mtoto mdogo akizurura nyumba nzima ni hatari kwake, na kurudi kazini usiku wa pili bila kulala ni hatari kwa wagonjwa.

Baada ya kujaza, weka ugonjwa ndani ya ratiba. Mtoto mwenye homa hurudishwa nyumbani na kituo cha malezi, na akikuambukiza tumbo la kuharisha na kutapika, hospitali nyingi hazitakuruhusu kuingia wodini mpaka zipite saa 48 tangu dalili ziishe. Kwa kila wiki tafuta jina la akiba, yaani mtu wa pili anayeweza kuitwa kwa taarifa ya saa moja. Mzazi anayelea peke yake anahitaji majina mawili ya akiba kabla ya kuendelea na hatua zinazofuata, na nasema hivyo nikijua kwamba ni sharti gumu.

Kama una mwenzi, mazungumzo kati yenu yafanyike mbele ya karatasi hiyo. Ahadi ya jumla kwamba "nitakusaidia" huyeyuka katika mwezi wa tatu; mwenzi aliyekubali kwamba Jumanne na Alhamisi yeye ndiye anayepika, kuogesha na kukagua kazi za shule anajua alichokubali. Watoto wakubwa kidogo nao waelezwe kwa lugha ya umri wao, na ratiba halisi ibandikwe ukutani mahali wanapoweza kuona siku ambazo mama au baba hatakuwapo wakati wa kulala. Usiwaahidi kwamba hutakosa sherehe yoyote ya shule, kwa maana utazikosa baadhi.

Hatua ya nne: Piga hesabu ya fedha mpaka siku ya mshahara wa kwanza

Kosa la kawaida katika hesabu hii ni kuishia siku ya mahafali. Baada ya kumaliza chuo kuna mtihani wa baraza la wauguzi au mamlaka inayofanana nalo, katika baadhi ya nchi kuna muda wa mafunzo tarajali, kisha usajili, leseni, kutafuta kazi, na mwezi wa kwanza wa kusubiri malipo. Chukua matumizi ya nyumbani ya mwezi mmoja, yazidishe kwa miezi yote ya kozi, halafu ongeza angalau miezi sita. Juu ya hayo weka ada, sare, viatu imara visivyoteleza, saa yenye mshale wa sekunde, vitabu, vipimo vya afya, nauli za kwenda vituo vya vitendo, na malipo ya malezi, ambayo kwa mzazi yanaweza kushinda ada yenyewe. Kipato utakachokipoteza kwa kuacha au kupunguza kazi ya sasa kiandikwe kama gharama kamili, kwa sababu ndivyo kilivyo.

Upande wa pili wa hesabu utafute mikopo ya wanafunzi, ufadhili wa serikali au wa hospitali, na misaada ya malezi inayotolewa na baadhi ya vyuo. Ufadhili wa hospitali mara nyingi huambatana na mkataba wa kuitumikia kwa miaka kadhaa. Usome kwa makini, hasa kifungu kinachoeleza unachodaiwa ukihamia mji mwingine pamoja na familia yako.

Kuhusu ajira, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2025 iliyokadiria kwamba dunia ina wauguzi karibu milioni 30 na bado inapungukiwa na takriban milioni 5.8. Takwimu hiyo inatia moyo, ila isikufanye udhani kwamba kazi inakungoja mlangoni, maana kuna nchi zenye wodi zenye uhaba na wakati huohuo wauguzi wenye leseni wasio na ajira, kwa sababu bajeti haikutenga nafasi. Tazama matangazo ya kazi ya eneo unaloishi kwa miezi miwili au mitatu, uone wanaotafutwa ni wa ngazi gani na wa uzoefu gani. Kazi za saa za ofisini, kama kliniki za kutwa au afya ya shuleni, zipo, lakini mara nyingi hupewa wenye uzoefu. Anayeanza ajipange kwa miaka ya mwanzo ya zamu.

Hatua ya tano: Chagua ngazi na chuo

Katika nchi nyingi uuguzi una ngazi zaidi ya moja, kama vile cheti, stashahada na shahada, na mara nyingi mtu anaweza kupanda kutoka moja hadi nyingine akiwa kazini. Kwa mzazi mwenye akiba ndogo, ngazi fupi inayompa leseni na mshahara mapema inaweza kuwa na busara kuliko shahada, mradi amehakikisha kwamba daraja la kupandia lipo na halitamlazimu kuanza upya. Mwenye shahada ya fani nyingine aulize kuhusu programu za muda mfupi zinazotolewa katika baadhi ya nchi kwa watu kama yeye, huku akikumbuka kwamba ufupi wake hupatikana kwa kubana ratiba, na ratiba iliyobanwa huumiza zaidi mwenye watoto.

Hakikisha kozi yenyewe imeidhinishwa na baraza la wauguzi. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali wa mamlaka ya elimu, kozi yake ya uuguzi ikawa haijaidhinishwa, na mhitimu akanyimwa mtihani wa leseni. Angalia orodha ya baraza mwenyewe, usiridhike na picha ya cheti iliyobandikwa ukutani. Kagua pia masharti ya kujiunga, ambayo kwa kawaida hudai biolojia na kemia, na mara nyingi hisabati na lugha ya kufundishia. Ikiwa matokeo yako ya zamani hayatoshi, kurudia somo moja au mawili ni kazi ya mwaka mmoja ambayo unaweza kuifanya bila kuacha ajira.

Hatua ya sita: Jipime kwa mwezi mmoja

Kabla ya kulipa ada ya maombi, ishi mwezi mmoja kana kwamba umeshaanza. Amka saa ambayo ungeamka kwa zamu, soma anatomia na fiziolojia saa mbili kila jioni watoto wakishalala, na mwisho wa wiki jipe mtihani. Utagundua kama shida yako ni uelewa, usingizi au kelele za nyumbani, na kila moja ina dawa yake.

Jaribu pia hesabu za dawa, kwa kuwa ndizo zinazowatia hofu wengi walioacha shule zamani. Mgonjwa ameandikiwa lita moja ya maji ya dripu kwa saa 8, na mpira wa dripu uliopo hutoa matone 20 kwa kila mililita. Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, unapata matone 41 na ushee, yaani karibu 42 kwa dakika. Baada ya hapo unatazama saa yako na kurekebisha kidhibiti mpaka matone yafike hapo. Ukiweza kuifuata hesabu hiyo, hisabati ya uuguzi haikizidi kichwa chako, unachohitaji ni mazoezi mpaka uifanye bila kosa ukiwa umechoka.

Hatua ya saba: Angalia mwili na chanjo

Kazi hii ni ya kusimama na kuinua, na mgongo ndio huumia kwanza. Mwenye tatizo la mgongo amwone daktari kabla ya kuomba. Vyuo na hospitali nyingi hutaka uthibitisho wa chanjo, ikiwamo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa ratiba ya kawaida hutolewa dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita. Anza mapema, usisubiri barua ya chuo. Anayenyonyesha au anayetarajia ujauzito aulize utaratibu wa kumwepusha na mionzi na dawa za saratani.

Zamu za usiku nazo zisichukuliwe kama usumbufu mdogo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya usiku mwaka 2007 katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, na likarudia msimamo huo mwaka 2019. Hilo halimzuii mtu kuwa muuguzi, lakini ni sababu ya kupanga tangu sasa usiishi kwa zamu za usiku miaka yote ili tu kuokoa malipo ya malezi.

Hatua ya nane: Omba nafasi, na usiharakishe kuacha kazi

Ikiwa visanduku vya ratiba vina majina na hesabu ya fedha inafika mpaka mshahara wa kwanza, omba. Katika barua ya maombi eleza kazi uliyoifanya na kilichokufundisha kuhusu kuhudumia watu. Uzazi unaweza kuutaja kwa sentensi moja, usiufanye kuwa hoja kuu. Ikiwa hesabu haijafika, zipo njia za kusogea bila kuingia kwenye deni: kurudia somo la sayansi, kufanya kazi ya usaidizi wa wauguzi kwa saa chache, au kungoja hadi mtoto wa mwisho aanze shule.

Usiandike barua ya kuacha kazi kwa kutegemea ahadi ya simu. Subiri barua ya kukubaliwa pamoja na ratiba ya mwaka wa kwanza, kisha umuulize mwajiri wako kuhusu likizo bila malipo au saa pungufu kabla ya kuondoka moja kwa moja. Chuo nacho kiulize mambo mawili ambayo mzazi huyahitaji kuliko wanafunzi wengine: kama nafasi inaweza kuahirishwa hadi mwaka unaofuata iwapo kutatokea ujauzito au ugonjwa nyumbani, na kama mwanafunzi aliyesimama katikati ya kozi anaruhusiwa kurejea bila kurudia saa za vitendo alizokwisha kutimiza, na ndani ya muda gani. Majibu ya maswali hayo yaombe kwa maandishi, yakiwa na muhuri au saini ya msajili, na uyahifadhi pamoja na kitabu chako cha kumbukumbu za mafunzo.